Gome Lina Nguvu, Kipimo Ndicho Dawa

Mbumbuni iko katika kaunti ya Makueni, Ukambani nchini Kenya, pale vilima vya Mbooni vinapoachia nchi kavu inayoteremka hadi Mto Athi na kuendelea ng'ambo, upande wa Kitui. Mvua ya huko ni ya mashaka, na miti inayodumu ni ile iliyozoea kiu, mchwa na meno ya mbuzi: muuku, mukau, mukenea, muvuti, muthulu, na kwenye joto la tambarare, muamba, ambao Waswahili huuita mbuyu. Mingi ya miti hiyo imechunwa magome kwa vizazi ili kutibu homa, kuharisha, minyoo, kikohozi na maumivu ya viungo. Juu ya magome hayo watu wamegawanyika makundi mawili. Kundi moja linaamini kwamba kilichowafaa mababu hakihitaji kuulizwa maswali. La pili, hasa miongoni mwa waliosoma, huona chungu cha mitishamba kuwa masalio ya ujinga. Nadhani makundi yote mawili yamekosea, na kosa lao ni moja: hakuna linalopima. Magome ya Ukambani yana kemikali zenye nguvu, na hilo limethibitishwa katika maabara. Ila kemikali yenye nguvu haijawa dawa mpaka ijulikane ni ipi, ni kiasi gani, inamfaa nani na inamdhuru nani. Anayeliheshimu gome kwa dhati ni yule anayetaka lipimwe.

Tuanze na swali ambalo wengi hulipita: kwa nini gome? Mti una majani mengi kuliko magome, na kuchuma jani ni rahisi kuliko kupiga panga shinani. Jibu limo katika kazi ya gome lenyewe. Tabaka la nje ni seli zilizokufa, ngumu na kavu, zinazozuia maji yasitoroke. Chini yake lipo gome la ndani, laini na bichi, ambalo hubeba sukari iliyotengenezwa na majani kuipeleka mizizini. Kwa mdudu anayetoboa, ukungu unaotafuta upenyo au mnyama mwenye njaa wakati wa kiangazi, hapo ndipo penye chakula. Mti hauwezi kukimbia wala kupigana, kwa hiyo huijaza sehemu hiyo kemikali za kumkinaisha, kumlewesha au kumuua anayeuma. Kemikali hizo hazikuumbwa kwa ajili ya binadamu. Ni silaha, na binadamu amegundua kwamba baadhi ya silaha hizo, kwa kiasi kidogo, huua au kudhoofisha maadui zake pia: bakteria, minyoo, vimelea vya malaria, hata seli za saratani. Ukilielewa hilo, hutashangaa kusikia kwamba gome linaloponya laweza kuua. Nguvu ni ileile, tofauti ni kiasi.

Kabla ya maabara kuwapo, ulimi na macho ndivyo vilivyokuwa vipimo, navyo havikuwa vipimo vibaya. Maji ya gome la muuku, ambao wataalamu huuita Terminalia brownii, au la musemei, mmoja wa migunga, huacha ukakasi mdomoni. Ukakasi huo ni dalili ya tanini, kemikali zinazoshikamana na protini na kuzikaza. Ndizo hugeuza ngozi mbichi kuwa ngozi ya viatu, na ndizo hukausha uso wa kidonda na kutuliza utumbo unaoharisha. Magome mengine yakipondwa majini hutoa povu, na povu ni dalili ya saponini. Wamaasai hutia magome ya aina hii katika supu ya nyama, na watafiti waliochunguza desturi hiyo na ya jirani zao Wabatemi wa Ngorongoro, Tanzania, wamedokeza kwamba saponini na kemikali za ukakasi huenda zinapunguza lehemu inayoingia mwilini kutoka kwenye mlo wenye mafuta mengi. Uchungu mkali kama ule wa mukenea, au mjafari kwa Kiswahili, mara nyingi hutokana na alkaloidi. Jamii ya mti huo ina alkaloidi ziitwazo kelerithrini na nitidini. Na ukali unaochoma kama pilipili, ule wa mti ambao Wakikuyu huuita muthiga na Wamaasai osokonoi, hutokana na kundi jingine kabisa la kemikali. Mganga hakuwa na majina haya, lakini alipotenganisha kikakasi na kichungu, na chenye povu na kinachochoma, alikuwa anatenganisha makundi ya kemikali ambayo wanakemia leo wanayapa sura na majina.

Maabara za eneo letu zimekwisha kuanza kazi hiyo, na matokeo yake hayawapi nafuu wanaobeza. Katikati ya miaka ya 1970, wanasayansi Isao Kubo na Koji Nakanishi, wakishirikiana na kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE jijini Nairobi, walichunguza kwa nini viwavijeshi, wadudu wanaofyeka mashamba ya mahindi na nyasi, hukataa kula muthiga. Mwaka 1976 walitangaza kwamba katika gome lake wamepata kemikali zinazomfanya kiwavi aache kula, mojawapo wakaiita wabuganali kwa kufuata jina la kisayansi la mti huo, Warburgia. Mwaka 2001 watafiti wa Uganda walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba kemikali ya jamii hiyohiyo kutoka muthiga huzuia ukuaji wa kuvu. Mwaka 2004 kundi lililoongozwa na Abiy Yenesew wa Chuo Kikuu cha Nairobi lilieleza kemikali za kundi la flavonoidi kutoka gome la muvuti, mti wa maua mekundu unaojulikana kote Ukambani, ambazo ziliua vimelea vya malaria katika maabara. Kwa hiyo anayesema kwamba gome ni maji ya rangi yasiyo na kitu, ushahidi hauko upande wake.

Hata hivyo, lazima tuyasome matokeo hayo kwa makini, kwa sababu hapo ndipo magazeti na wauzaji wa chupa za mitishamba huteleza. Kuua vimelea ndani ya kisahani cha maabara si kumponya mgonjwa. Siki na sabuni pia huua vimelea kisahanini, na hakuna anayetibu malaria kwa sabuni. Kemikali inayomezwa lazima ipite tumboni bila kuharibiwa na asidi, iingie katika damu, ihimili ini ambalo kazi yake ni kuvunja vitu vigeni, ifike ilipo shida ikiwa na kiasi cha kutosha, na katika safari hiyo yote isiharibu moyo, figo wala mimba. Kemikali nyingi zinazong'ara kisahanini huangukia njiani. Kelerithrini, kwa mfano, huua vijidudu, lakini huathiri pia seli za mwili wenyewe. Ukweli kwamba gome la mukenea lina alkaloidi ni sababu nzuri ya kulichunguza. Si sababu ya kumpa mtoto kikombe kizima.

Safari ndefu ya gome kuwa dawa inaonekana vizuri katika mti ambao si wa kwetu kwa asili lakini una historia kubwa Afrika Mashariki. Mkwinini ni mti wa milima ya Andes, Amerika Kusini. Gome lake lilifika Ulaya katika karne ya 17 kama dawa ya homa, na kwa karibu miaka 200 lilinywewa likiwa unga uliochanganywa na divai. Kuna waliopona na kuna waliokufa, na hakuna aliyeweza kueleza kwa nini. Mwaka 1820 wanafamasia wawili wa Paris, Pelletier na Caventou, waliitenga kwinini kutoka gomeni. Kuanzia hapo iliwezekana kupima kila shehena, na fumbo likafumbuka: magome yaliyofanana kwa macho yalitofautiana mno kwa nguvu. Mengi yalikuwa na kwinini kidogo sana. Mbegu alizokusanya Manuel Incra Mamani, mwenyeji wa Bolivia aliyejua kuitambua miti bora, na ambazo Mwingereza Charles Ledger alizituma nje mwaka 1865, zilizaa miti yenye kwinini hadi kufikia asilimia 13. Waholanzi walizinunua, wakazipanda Java, na baadaye wakaitawala karibu biashara yote ya kwinini duniani. Mtu aliyekunywa kikombe cha gome dhaifu na mwenzake aliyekunywa kikombe cha gome la Ledger walidhani wamekunywa dawa moja, kumbe mmoja alipata mara nyingi zaidi ya mwenzake. Hakuna sababu ya kudhani kwamba muuku wa bondeni na muuku wa kilimani, mchanga na mzee, wa masika na wa kiangazi, ni sawasawa.

Mti huohuo ulifika Amani, katika milima ya Usambara, ambako Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo mwaka 1902. Vita Kuu ya Kwanza ilipowakatia njia ya bahari, Amani ilitengeneza vidonge vya kwinini kwa ajili ya majeshi ya kamanda wao, Lettow-Vorbeck. Amani ilipotekwa mwaka 1916, askari wakarudi kwenye njia ya kale: walichemsha magome na kunywa maji yake machungu kupita kiasi, ambayo wenyewe waliyapa kwa mzaha jina la pombe ya Lettow. Maji hayo yaliwasaidia kuendelea na vita, na hiyo ni hoja ya kweli kwa upande wa mitishamba: pasipokuwa na kidonge, gome lililochemshwa ni bora kuliko mikono mitupu. Lakini hata askari hao walijua kipi ni kikuu na kipi ni cha dharura. Huko Kivu, mashariki ya Kongo, mikwinini iliyoanza kupandwa enzi za Wabelgiji imeendelea kuvunwa, na kampuni ya Pharmakina mjini Bukavu hukamua kwinini kutoka magomeni na kuipima kabla haijawa dawa. Afrika Mashariki na Kati, basi, haisikii habari za gome kuwa dawa kutoka mbali. Imelipanda, imelichemsha na imelikamua.

Hapa huja pingamizi la kwanza, nalo lina uzito: mababu walitumia magome haya miaka mamia, je, huo si ushahidi tosha? Mwacha asili ni mtumwa, husema wahenga. Ni ushahidi, na John Kokwaro wa Chuo Kikuu cha Nairobi alifanya kazi kubwa ya kuukusanya katika kitabu chake cha mimea ya dawa ya Afrika Mashariki kilichotoka mwaka 1976. Uzoefu wa vizazi ni hodari kwa mambo mawili. Hutambua kinachofanya kazi haraka na kuonekana, kama dawa ya minyoo ambayo kesho yake minyoo inatoka. Na hutambua sumu inayoua papo hapo. Lakini uzoefu huo ni dhaifu kwa kila kinachokwenda polepole. Figo zinazochakaa kwa miaka mitano hazimnyooshei kidole mtu aliyekuwa akinywa gome kila wiki. Aidha, homa nyingi hupona zenyewe, na mgonjwa aliyepona husimulia, ilhali aliyekufa hasimulii. Mganga mwaminifu kabisa, mwenye kumbukumbu nzuri kabisa, bado ataona waliopona kuliko waliokufa, maana waliokufa hawarudi kutoa shukrani. Dawa za hospitali nazo zingepotoka vivyo hivyo kama zingepimwa kwa masimulizi. Ndiyo maana hupimwa kwa kuwagawa wagonjwa makundi mawili, moja likapewa dawa na jingine kidonge kisicho na kitu, na wote wakahesabiwa, waliopona na wasiopona.

Tunajua kinachotokea kipimo kinapokosekana. Mwaka 2011, katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyejulikana kote kama Babu, aligawa kikombe cha maji ya mmea uitwao mugariga kwa shilingi 500. Ilisemekana kikombe hicho kimoja kinaponya kisukari, shinikizo la damu, hata Ukimwi. Watu wakamiminika kutoka Tanzania yote, Kenya na mbali zaidi, foleni za magari zikaenea kilomita na kilomita, na kuna wagonjwa waliofia njiani wakisubiri. Wengine waliziacha dawa zao za kila siku. Mugariga si mmea wa ajabu wala wa uongo: ni wa jamii inayotumika katika tiba za asili sehemu nyingi za Afrika Mashariki, na una kemikali zinazostahili kuchunguzwa. Kosa halikuwa la mmea. Kosa lilikuwa kudai kwamba kipimo kimoja kinatosha kwa magonjwa yote na kwa watu wote, jambo ambalo hakuna kemikali duniani inayoliweza.

Pingamizi la pili ni kwamba kitu cha asili hakina madhara, tofauti na kemikali za kiwandani. Tumekwisha kuona kwamba gome ni ghala la silaha, kwa hiyo asili yenyewe inalikanusha dai hilo. Mukau, mti unaopendwa Kitui na Makueni kwa mbao zake, una kemikali kali kiasi kwamba dondoo zake zimechunguzwa kama dawa ya kuua viluwiluwi vya mbu. Tanini zinazozuia kuharisha hushika pia madini ya chuma kutoka kwenye chakula, na mama mjamzito mwenye upungufu wa damu anayekunywa maji ya ukakasi kila siku anajiongezea tatizo. Anayetumia dawa za shinikizo la damu, kisukari au virusi vya Ukimwi, akichanganya na gome, huenda akaongeza au akafuta nguvu ya dawa zake, kwa kuwa ini linalovunja vyote viwili ni lilelile. Hatari kubwa kuliko zote ni kuchelewa. Ukambani malaria huja kwa misimu, hivyo wengi hawana kinga ya kutosha, na mtoto mwenye malaria kali aweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Kenya ina dawa mseto ya malaria inayofanya kazi, na kipimo cha damu cha haraka huchukua dakika chache. Kwa mtoto huyo, gome lolote, hata kama siku moja litazaa dawa bora, leo ni kupoteza saa asizokuwa nazo.

Pingamizi la tatu linatoka upande wa pili, kwa wanaouliza: ikiwa tuna vidonge, kwa nini tuhangaike na magome? Kwa sababu vidonge vingi vilianzia huko. Aspirini ina ukoo na kemikali ya gome la mti wa Ulaya uitwao willow kwa Kiingereza, ambao mchungaji Mwingereza Edward Stone aliripoti mwaka 1763 kwamba unga wake hupunguza homa. Kemikali iliyozaliwa hapo ilichoma tumbo, mpaka wanakemia wa kampuni ya Bayer walipoibadilisha mwaka 1897. Mwaka 1962, huko Marekani, sampuli za gome la mti uitwao yew zilikusanywa katika mpango wa kutafuta dawa za saratani. Mwaka 1971 Mansukh Wani na Monroe Wall walitangaza kemikali waliyoipata humo, na mwaka 1992 ikaidhinishwa kutibu saratani ya mfuko wa mayai. Ni paklitakseli, ambayo leo hutumika duniani kote, hata katika hospitali za Kenya. Karibu na kwetu zaidi upo mti wa prunasi wa Afrika, unaoota katika misitu ya milima ya Kenya na nchi nyingine za bara hili. Dondoo la gome lake limeuzwa Ulaya tangu miaka ya 1960 kwa wanaume wenye tezi dume iliyovimba. Mwaka 2002 wataalamu walikusanya majaribio 18 yaliyohusisha wanaume 1,562, wakaona waliopewa dondoo walikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara mbili wa kusema wamepata nafuu kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa. Wakaonya pia kwamba majaribio hayo yalikuwa madogo na mafupi, na hakuna lililozidi miezi minne hivi. Hivyo ndivyo kauli ya kweli kuhusu gome inavyokuwa: inasema linachosaidia, kwa nani, kwa kiasi gani, na ushahidi unaishia wapi.

Pingamizi la nne ndilo gumu zaidi, na wenye maabara hawapendi kulijibu: kila tunapowaonyesha miti yetu, wanaondoka nayo. Historia inawapa haki wanaosema hivyo. Mamani wa Bolivia, aliyeuletea ulimwengu mbegu bora za kwinini, alikamatwa na kupigwa nchini mwake kwa kosa hilo, akafa, wakati utajiri ukienda Java na Amsterdam. Kenya ina kisa chake. Mwaka 1972 Mmarekani Morris Kupchan na wenzake walitangaza kemikali yenye nguvu dhidi ya saratani, maitansini, kutoka mti wa Ethiopia wa jamii ya Maytenus. Katika miaka hiyo ya 1970, Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilikusanya zaidi ya tani 27 za malighafi ya ndugu wa mti huo kutoka Shimba Hills, Kwale, nchi ya Wadigo. Majaribio kwa wagonjwa yalionyesha kuwa maitansini ni sumu mno, na ikawekwa kando. Lakini haikusahauliwa. Wanasayansi walijifunza kuifunga kwenye kingamwili inayoitambua seli ya saratani, ili sumu ifunguke ndani ya seli hiyo, na mwaka 2013 dawa ya aina hiyo ikaidhinishwa Marekani kwa saratani ya matiti. Kutoka kilima cha pwani ya Kenya hadi kwenye dripu ya mgonjwa ilichukua miaka 40, na wenyeji wa kilima hicho hawamo katika hesabu ya faida.

Jibu la dhuluma hiyo haliwezi kuwa kuficha miti, kwa maana miti haifichiki, na elimu iliyofichwa hufa na mwenyewe. Jibu ni kuandika na kumiliki. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 69, inaitaka serikali ilinde maarifa ya jamii kuhusu viumbe hai. Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika Oktoba 2014 na ambayo Kenya ni mwanachama, inadai idhini na mgawo wa faida kabla ya mmea kuchukuliwa. Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi imezipa serikali za kaunti jukumu la kuyasajili maarifa hayo. Maana yake ni kwamba Makueni na Kitui zina wajibu wa kisheria kuandika nani anajua nini kuhusu mukenea na muvuti, kabla mgeni hajaja na gunia. Bila maandishi, mzee wa Mbumbuni hana cha kuonyesha mahakamani. Hapa kupima na kumiliki huwa jambo moja: kisichoandikwa kwa usahihi hakipimiki, na hakidaiwi.

Lipo pia suala la mti wenyewe. Gome la ndani likikatwa duara zima, sukari haifiki mizizini, na mti hufa polepole hata kama juu bado una majani. Muamba ni wa pekee: umechunwa kwa karne nyingi ili kupata nyuzi za kamba na viondo, na huota gome jipya. Miti mingi haina uwezo huo. Prunasi ya Afrika ilivunwa kwa ajili ya soko la nje kiasi kwamba mwaka 1995 biashara yake iliwekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa kimataifa wa CITES. Atasema mtu kwamba mganga mwenye panga si kitu mbele ya mchoma makaa, na ni kweli. Kitui ilipopiga marufuku malori ya makaa mwanzoni mwa 2018, adui aliyetajwa hakuwa mganga. Lakini mkaa hupunguza miti yote, na mvunaji wa magome hurudia miti ileile michache, hasa ile mikubwa na adimu inayozaa mbegu. Sayansi imeonyesha njia ya kutoka hapa pia. Paklitakseli ilipotoka gomeni, mti mmoja wa miaka 100 ulitoa takriban dozi moja tu, na misitu ingekwisha. Wanakemia walipoielewa molekuli vizuri, walianza kuitengeneza kutoka majani ya mti wa jamii hiyo, ambayo huota tena. Afrika Kusini, uchunguzi wa ndugu wa muthiga ulionyesha kwamba majani yana kemikali zinazofanana na za gome. Swali hilohilo linaweza kuulizwa kuhusu kila mti wa Ukambani: je, jani lingetosha? Hakuna awezaye kulijibu bila kupima.

Litabaki pingamizi la gharama. Dawa mpya humeza mabilioni, nayo Makueni ina mahitaji mengine. Lakini si lazima kuanza na mwisho. Hatua za mwanzo ni za bei nafuu: kuchukua tawi lenye maua, kulikausha na kulipeleka kwenye hifadhi ya mimea ya Makumbusho ya Taifa litambuliwe, ili ijulikane kwa uhakika mukenea ni mti upi, kuandika sehemu iliyotumika, msimu, kiasi cha gome na kiasi cha maji, kupeleka sampuli KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, ambako kipo kituo cha utafiti wa tiba za jadi, ipimwe sumu kabla ya kitu kingine chochote. Gome litakaloonekana kuwa sumu liachwe, na hiyo peke yake ni faida kubwa ya afya kwa fedha kidogo. Miti itakayoonyesha dalili njema ipandwe, na hilo linawezekana: KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, imekwisha kuonyesha kwa mukau, kupitia bustani za mbegu bora za Kitui na Kibwezi, kwamba mti wa nyika unaweza kuwa zao la shambani. Na katika zahanati, muuguzi amwulize mgonjwa bila kumkaripia amekunywa nini nyumbani, kisha aandike. Mgonjwa anayeogopa kukaripiwa huficha, na tabibu anayefichwa hutibu kwa kubahatisha.

Anayesema magome yanatibu na anayesema hayatibu wanabishana juu ya swali ambalo halina jibu moja. Lenye jibu ni swali dogo zaidi: gome hili, la mti huu, kwa kiasi hiki, kwa ugonjwa huu, linafanya nini mwilini mwa mtu? Likiulizwa hivyo, mganga na mwanakemia wanahitajiana, kwa kuwa wa kwanza ndiye ajuaye mti wa kuanza nao na wa pili ndiye awezaye kusema ukomo wake. Kaunti ambazo sheria imezikabidhi daftari la maarifa hayo hazina sababu ya kungoja mtu kutoka nje aje kuuliza kwanza.